Uozo wa kranberi huanzia kwenye ua

Ukifika kwenye shamba la kranberi kusini-mashariki mwa jimbo la Massachusetts, Marekani, mwezi Juni, utaona kitu kinachofanana na jaruba la mpunga. Ni kipande cha ardhi kilichosawazishwa, kimezungukwa na tuta na mifereji, na ndani yake mimea mifupi imetambaa na kufumana kama mkeka. Juu ya mkeka huo vimesimama vitawi vyembamba, virefu kama kiganja, na kila kimoja kina maua machache ya waridi hafifu yaliyoinamisha vichwa. Hakuna tunda lililooza, kwa kuwa matunda yenyewe hayajazaliwa. Lakini sehemu kubwa ya matunda yatakayooza Septemba huambukizwa katika wiki hizo hizo, nyuki wakiwa bado wanahangaika na maua.

Nimeanza na ua kwa makusudi. Wengi wetu huyajua magonjwa ya mimea kwa macho: doa likionekana, tunasema ugonjwa umeingia. Kwa kranberi kanuni hiyo inapotosha. Mkulima anayeifuata hufika shambani na bomba la dawa mwezi mmoja au miwili baada ya mgeni kuingia na kujifungia ndani.

Kwanza tuliweke tunda mahali pake. Kranberi ni zao la asili ya Amerika Kaskazini, la ukoo mmoja na bluberi. Wenyeji wa bara hilo, wakiwemo Wawampanoag wa pwani ya Massachusetts, walilichuma porini muda mrefu kabla mtu yeyote hajalipanda. Kilimo chake huhesabiwa tangu mwaka 1816, pale Henry Hall wa mji wa Dennis, huko Cape Cod, alipoona kwamba mimea iliyofunikwa na mchanga uliopeperushwa na upepo ilistawi kuliko ile iliyobaki wazi. Leo jimbo la Wisconsin peke yake hutoa zaidi ya nusu ya kranberi zote za Marekani, likifuatwa na Massachusetts. New Jersey, Oregon na Washington nazo hulima, na ng'ambo ya mpaka wapo wakulima wa Quebec na British Columbia nchini Kanada. Huku kwetu tunalifahamu zaidi kama juisi nyekundu ya pakiti, ile ambayo watu hushauriana kunywa wakisumbuliwa na njia ya mkojo.

Mmea huu unataka mambo ambayo mimea mingi ingeyakimbia: udongo wenye asidi nyingi, mchanga juu ya mboji iliyolowa, baridi kali ya miezi kadhaa, na maji mengi kwa vipindi. Wakati wa baridi majaruba hujazwa maji yakaganda juu, ili barafu iikinge mimea na upepo unaokausha. Wakati wa mavuno hujazwa tena. Kranberi ina vyumba vinne vidogo vya hewa ndani yake, hivyo mashine ikipita na kulitikisa, tunda hukatika kwenye kikonyo na kuelea juu. Zile picha za watu waliosimama kwenye ziwa jekundu, maji yamewafika mapajani, ndizo hizo. Maji haya kuna mahali yanasaidia na mahali yanaponza, na nitayarudia.

Kundi zima la maadui

Wakulima huita tatizo lao kubwa uozo wa matunda, na jina hilo la jumla ndilo chanzo cha mkanganyiko. Mtu akilisikia hudhani ni ugonjwa mmoja unaotibiwa kwa dawa moja. Kumbe kuna aina kati ya 10 na 15 za kuvu, kutoka jenasi mbalimbali, na kila moja peke yake inaweza kuozesha kranberi. Huishi pamoja katika shamba moja, na pengine hukutana katika tunda moja. Mchanganyiko wao hubadilika kutoka jimbo hadi jimbo, shamba hadi shamba, na mwaka hadi mwaka.

Phyllosticta vaccinii ndiyo ya uozo wa mapema. Hulishika tunda likiwa bado dogo na la kijani. Huanza kama doa la majimaji, likapanuka, wakati mwingine kwa duara nyeusi na hafifu zilizopangana moja ndani ya nyingine. Mwishowe tunda hunyauka, likawa jeusi, gumu na lenye mikunjo kama punje kubwa ya pilipili manga. Phomopsis vaccinii huleta uozo wa mnato: ukilibinya tunda, nyama yake huvutika kwenye vidole kama mlenda wa bamia. Kuvu hii hiyo hukausha vitawi kuanzia ncha, hasa mimea ikiwa imeelemewa na joto. Godronia cassandrae huanzia upande wa kikonyo au upande wa kitako cha tunda, na tunda hujaa gesi likavimba hata likapasuka ukilibonyeza. Hii ya mwisho, pamoja na kuvu nyingine za uozo mweusi, husubiri ghalani. Ziliwatesa sana wafanyabiashara wa zamani, waliohifadhi kranberi mbichi kwenye masanduku wakingojea sikukuu za Novemba na Desemba.

Kisha kuna uozo mchungu, na hapa ningependa kukaa kidogo, kwa sababu kuvu yake ina ndugu mashambani kwetu. Jenasi yake ni Colletotrichum, nayo ndiyo inayoleta ugonjwa ambao wakulima wetu wanauita chule. Chule ya maharage inatoka humo. Chule ya maembe vilevile. Na spishi moja ya ukoo huo, Colletotrichum kahawae, ndiyo chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda machanga ya kahawa yakiwa bado mtini, ambao uliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya mwaka 1922.

Ukitaka kuelewa tabia ya uozo wa kranberi, mwangalie ndugu yake wa kwenye embe. Umenunua maembe sokoni Jumatatu, yana ngozi safi, hayajaiva sawasawa. Umeyaweka jikoni. Alhamisi yameiva, na juu yake kuna madoa meusi yanayopanuka kila saa. Utamlaumu muuzaji, au utalaumu jiko lako lenye joto. Lakini kuvu ile iliingia embe likiwa dogo juu ya mti, ikapenya chini ya ngozi kidogo tu, ikasimama. Ilikuwa inangoja embe liive. Kranberi hufanyiwa vivyo hivyo, ila hapa wanaongoja ni wengi na wa koo tofauti.

Ndiyo maana macho hayatoshi hata kwa mtaalamu. Kuvu mbili tofauti zinaweza kulilainisha tunda kwa namna moja, na kuvu moja inaweza kuonyesha sura mbili. Kujua nani amefanya nini kunahitaji maabara: tunda husafishwa nje kwa dawa ya kuua vijidudu, hukatwa kipande, kipande huwekwa kwenye chakula cha kuoteshea kuvu, kisha watu husubiri waone kinachoota. Cornelius L. Shear wa wizara ya kilimo ya Marekani alifanya kazi hiyo tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, na mwaka 1907 akachapisha kijitabu kuhusu magonjwa ya kranberi. Aliotesha kuvu kutoka kwenye matunda na majani yaliyoonekana mazima kabisa. Kwangu mimi huo ndio ugunduzi mkubwa kuliko yote katika habari hii, kwa sababu ulilihamisha swali. Kabla yake mtu angeuliza kwa nini tunda limeoza. Baada yake ilibidi aulize kwa nini tunda lenye kuvu ndani bado halijaoza.

Mzunguko wenyewe

Spora, yaani chembe ndogo ambazo kuvu huzaliana kwazo, hutengenezwa juu ya mabaki: majani makavu yaliyoanguka kati ya vitawi, vijiti vilivyokufa, matunda ya mwaka jana yaliyokauka yakabaki chini ya mkeka. Mvua au maji ya kunyunyizia yakipiga mabaki hayo, matone huzirusha spora juu, zikatua kwenye ua au kwenye kitunda kilichotoka tu kufungwa, kidogo kama punje ya uwele. Kukiwa na unyevu wa kutosha, spora huota na kupenya. Halafu inatulia. Tunda changa lina ngozi yenye nta na asidi nyingi, ikiwemo asidi ya benzoiki, ambayo viwanda huongeza kwenye soda na michuzi ili visichachuke. Kranberi imezaliwa na kihifadhi chake. Kuvu haifi kwa hilo, lakini inashikiliwa. Tunda linapoelekea kuiva, au joto kali likiuchosha mmea, breki hiyo hulegea.

Joto linaeleza kwa nini ramani ya ugonjwa iko kama ilivyo. New Jersey ndiko kuna kiangazi cha joto na fukuto kuliko mikoa mingine mikubwa ya kranberi, na huko shamba lisilopuliziwa dawa linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya mazao yake. Massachusetts inafuata. Wisconsin, yenye usiku wa baridi, iliponea kwa muda mrefu, ingawa nayo sasa inalalamika zaidi kuliko zamani.

Majani: kelele nyingi, hasara ndogo

Msomaji anayetafuta picha za magonjwa ya kranberi atakutana kwanza na majani, kwa sababu ndiyo yanayovutia macho. Exobasidium rostrupii hutia madoa mekundu ya mviringo juu ya jani, mekundu kweli, na ukiligeuza jani upande wa chini unakuta unga mweupe wa spora. Ndugu yake, Exobasidium oxycocci, huamsha machipukizi ambayo yalipaswa kulala na kuyavimbisha majani yakawa ya waridi, mazito, yamepangana kama ua dogo la waridi. Mgeni angedhani mmea umechanua mapema. Yote mawili hupenda mashamba machanga yaliyolishwa naitrojeni kupita kiasi, yenye majani laini yaliyosongamana na kukaa na unyevu. Mkulima akipunguza mbolea na kuacha hewa ipite, mara nyingi hahitaji zaidi ya hapo.

Nasikitika ninapofikiria mkulima mpya anayetumia fedha zake zote za dawa kupambana na jani jekundu, kwa sababu analiona, huku ua lililo safi likipita bila ulinzi.

Pamba ndani ya tunda

Kuna kuvu moja inayounganisha majani na matunda katika hadithi moja, nayo inastahili kusimuliwa kwa urefu. Ni Monilinia oxycocci, inayojulikana zaidi Wisconsin. Majira ya baridi yakiisha, matunda ya mwaka uliopita yaliyogeuka magumu na meusi yapo chini, kati ya majani makavu. Kutoka kwenye kila moja huchomoza vikombe vidogo vya rangi ya kahawia vyenye shina jembamba, kama uyoga wa kimo cha kucha. Vikombe hivyo hurusha spora hewani wakati ule ule ambapo vitawi vipya vya kranberi vinaanza kuchipua.

Spora zikitua kwenye chipukizi laini, chipukizi hunyauka na kugeuka kahawia. Hapo mkulima anaona ugonjwa wa vitawi, na akihesabu vilivyokufa hupata vichache, akatulia. Lakini juu ya vitawi vile vilivyonyauka huota unga wa spora za aina ya pili, nazo hukamilika wakati maua yanafunguka. Hubebwa hadi kwenye stigma ya ua, mahali pale pale chavua inapotua. Huko spora huota na kushuka kupitia shingo ya stigma hadi kwenye ovari, yaani kifuko cha mbegu, kwa njia ambayo chavua ingepita. Mmea haukatai. Tunda hufungwa, hukua, lina umbo zuri na ukubwa wa kawaida. Ukilipasua mwezi Agosti utakuta vyumba vyake vimejaa nyuzi nyeupe kama pamba.

Septemba ikifika wenzake wanakuwa wekundu, lenyewe hubaki na manjano au kahawia iliyofifia. Halafu hukauka, huanguka, na kungoja baridi ipite. Kwa hiyo ule unyaufu mdogo wa vitawi, ambao peke yake si hasara, ndio daraja la kuvuka kwenda kwenye maua. Wakulima wanaoufahamu ugonjwa huu hukata matunda kadhaa katikati kabla ya mavuno ili wajue hali ya mwaka unaofuata, maana matunda yenye pamba ya mwaka huu ndiyo mbegu ya ugonjwa wa mwakani.

Si kila tunda laini limeshikwa na kuvu, hilo nalo lisemwe. Siku ya jua kali yenye hewa kavu inaweza kulibabua tunda likalainika upande mmoja. Na ugonjwa wa maua bandia, uliokaribia kuua kilimo hiki mwanzoni mwa karne ya 20, unaletwa na fitoplazma, kijidudu cha jamii ya bakteria kinachosambazwa na panzi mdogo wa majani. Dawa ya kuvu haina msaada kwa yoyote kati ya hayo mawili.

Saa ya kutibu

Ukikubali kwamba mlango ni ua, tiba hujipanga yenyewe, na ugumu wake pia. Dawa ya kwanza iliyofanya kazi tunaifahamu: mrututu uliochanganywa na chokaa, ule ule ambao wazee wetu walipulizia mibuni. Shear aliujaribu kwenye kranberi. Baadaye zikaja dawa nyingine nyingi, na kwa miaka mingi klorothalonili ilikuwa nguzo, kwa sababu hushambulia kuvu kwa njia nyingi kwa pamoja na hivyo si rahisi kuzoeleka. Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa idhini yake mwaka 2019, na mkulima wa Marekani anayelenga soko la Ulaya hulazimika kufikiri mara mbili. Dawa mpya ni laini zaidi, lakini baadhi hupiga mahali pamoja tu ndani ya kuvu, hivyo hubidi zipokezane ili kuvu isizizoee.

Kupulizia huanza maua yakiwa yamefunguka kwa sehemu, kisha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Wakati huo huo mashamba yamejaa mizinga ya nyuki iliyokodiwa kwa gharama, na bila nyuki hakuna tunda la kulinda. Basi watu hupulizia usiku au jioni nyuki wakiwa wamerudi, huchagua dawa isiyowadhuru, na huomba mvua isishuke asubuhi. Akichelewa wiki mbili, mkulima amelipia dawa inayoosha nje ya tunda lenye mgeni ndani.

Nje ya dawa, kazi kubwa ni kuondoa mabaki na kukausha majani. Kila baada ya miaka michache hutandazwa tabaka jembamba la mchanga, ule ule wa Henry Hall, ambao hufukia majani makavu na spora zake na kuufanya mmea utoe mizizi mipya. Baada ya mavuno maji hujazwa tena ili takataka zielee na kuopolewa. Kumwagilia hufanywa alfajiri ili jua likaushe majani mapema. Anayemwagilia jioni ameiachia kuvu usiku mzima wa unyevu. Mifereji huzibuliwa. Na Massachusetts kuna mbinu ya zamani inayoshangaza: katikati ya Aprili, maji ya majira ya baridi yakishaondolewa, jaruba hujazwa upya na kuachwa hivyo kwa karibu mwezi mmoja. Ungetarajia maji mengi yaongeze uozo. Hufanya kinyume, huupunguza, pamoja na wadudu kadhaa. Unyevu unaoifaa kuvu ni ule wa ua lililolowa kwa saa nyingi penye joto; mmea uliozamishwa kabisa wakati wa ubaridi ni habari nyingine.

Kituo cha utafiti wa kranberi cha East Wareham, kilichoanzishwa mwaka 1910, hutoa kila mwaka utabiri wa jinsi matunda yatakavyodumu. Hukokotolewa kwa saa za jua za mwaka uliotangulia, joto na mvua ya majira ya kuchipua. Hakuna anayekagua tunda hata moja, kwa kuwa hayapo bado. Mkulima huusoma utabiri huo akaamua kama mwaka huu apulizie mara mbili au mara nne.

Mbegu zinazostahimili ndilo tumaini la mbali. Huko Chatsworth, New Jersey, chuo kikuu cha Rutgers kimekusanya aina nyingi za kranberi, za zamani na za porini, na baadhi zimeonyesha kuvumilia uozo hata bila dawa. Lakini uvumilivu huo umetawanyika katika jeni kadhaa, na aina zenye nao si zile zinazozaa sana, hivyo kuoanisha sifa hizo mbili huchukua miaka mingi ya kuchavusha, kupanda na kungoja.

Kabla ya mashine za leo, kranberi zilichambuliwa kwa ubao. Huko New Jersey husimuliwa habari za John Webb, mkulima mwenye mguu wa mti aliyeshindwa kubeba matunda kushuka ngazi, akawa anayamwaga. Mazima yalidunda hadi chini. Yaliyooza yalibaki ngazini. Kutokana na hilo zikatengenezwa mashine za mbao ambamo kila tunda hupewa nafasi kadhaa za kuruka kizingiti kidogo, na kranberi zinazouzwa mbichi bado hupimwa kwa namna hiyo. Ni kipimo kizuri cha hali ya tunda siku ile. Lile lenye kuvu iliyolala tangu Juni nalo ni gumu, nalo hudunda, huvuka kizingiti pamoja na wenzake, huingia kwenye boksi, na hulainika likiwa tayari jikoni kwa mnunuzi.